Upungufu wa Neno "Safisha" katika Maelekezo ya Kutunza Kibodi

1. Utangulizi

Kwa muda mrefu mjadala wa istilahi za kompyuta katika Kiswahili umekuwa mjadala wa nomino. Tumebishana iwapo chombo chenyewe kiitwe kompyuta, tarakilishi au ngamizi. Tumebishana pia kuhusu kipanya na puku, na kuhusu tovuti na wavuti. Makala haya hayakusudii kuufufua ubishi huo. Yanakusudia kuutazama upande ambao haujashughulikiwa vya kutosha, yaani upande wa vitenzi, na yatafanya hivyo kwa kuifuata kazi moja ndogo ya nyumbani: kusafisha kibodi kilichochafuka.

Huenda baadhi ya wasomaji wakaona kwamba kazi hiyo ni ndogo mno kuzungumzwa katika kurasa hizi. Yafaa wakumbuke kwamba kompyuta si chombo cha ofisini peke yake tena. Hapa Morogoro Mjini, penye Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na shule nyingi, kompyuta mpakato zimo majumbani mwa walimu, makarani na wanafunzi, nazo mara nyingi huwekwa juu ya meza ile ile inayoliwa chakula. Wakati wa kiangazi vumbi jekundu la njia zisizo na lami huingia madirishani. Wakati wa masika unyevu hauondoki ndani. Makombo ya maandazi na matone ya chai yenye sukari huwaita sisimizi. Mwenye chombo hakimbilii kwa fundi kila kinapochafuka. Hukisafisha mwenyewe, akiongozwa na karatasi ya maelekezo ikiwa anayo, au na maneno ya jirani.

Karatasi hiyo ikiwa imefasiriwa vibaya, hasara humwangukia msomaji. Kibodi cha kompyuta mpakato hakikutengwa na mashine. Kimelazwa juu ya viungo vyake vya umeme. Maji yakipenya katikati ya vibonye yaweza kuiharibu mashine nzima, pamoja na mitihani, orodha za wanafunzi na barua za kazi zilizohifadhiwa humo. Kwa hiyo swali la kitenzi gani kitumike si la mapambo ya lugha.

2. Uchafu wa kibodi na maandishi yetu

Mpangilio wa herufi katika vibodi vingi vya leo umetokana na mashine ya kupiga chapa ya Sholes na Glidden, iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1874. Mpangilio huo haukufanywa kwa ajili ya Kiswahili, na uchafu wenyewe hulishuhudia jambo hilo. Mtazame kibodi cha mtu aandikaye Kiswahili kutwa nzima. Kibonye cha A kimeng'aa kwa mafuta ya kidole na huenda herufi yake imeanza kufifia, kwa kuwa irabu hiyo imo karibu katika kila neno letu. Vibonye vya Q na X, ambazo hazimo katika alfabeti yetu, vimefunikwa na vumbi lisiloguswa.

Lililo muhimu zaidi ni kibonye cha ritifaa. Mwandishi wa Kiswahili hawezi kukikosa, kwa sababu sauti ya ng' haiandikiki bila alama hiyo. Kibonye hicho kikinata kwa sukari, au kikizibwa na chembe ya makombo, ng'ombe huwa "ngombe", na kitenzi ng'oa huwa "ngoa", neno jingine kabisa lenye maana ya wivu au tamaa. Mhariri anayesahihisha makosa ya namna hiyo hufikiri kwamba mwandishi hajui tahajia, kumbe mwandishi ana kibodi kichafu. Usafi wa chombo hiki, basi, una uhusiano na usanifu wa maandishi.

3. Jina la chombo

Kabla ya kuingia katika vitenzi, hapana budi tuseme neno moja kuhusu jina. Majina yaliyowahi kupendekezwa na kutumiwa ni pamoja na kibodi, baobonye, kicharazio na bodi ya vibonye. Kila moja lina hoja yake. Baobonye ni mwambatano unaoonyesha umbo la chombo. Kicharazio limeundwa kwa kanuni ile ile iliyotupa kifungio na kifunikio, nalo huonyesha kazi. Kibodi ni neno la mkopo.

Katika makala haya tumetumia kibodi kwa sababu mbili. Kwanza, ndilo linalosikika zaidi katika matumizi ya kila siku hapa nchini. Pili, silabi yake ya mwanzo imebahatika kufanana na kiambishi cha ngeli ya ki-/vi-, kama ilivyotokea kwa kitabu lililotoka katika Kiarabu, na kwa kiplefti ambalo watu waliligeuza kuwa vipilefti bila kuagizwa na mtu yeyote. Wako wasemao "kibodi hii" na wako wasemao "kibodi hiki". Sisi tunaona kwamba umbo la pili lina manufaa zaidi, maana linatupatia wingi ulio wazi, yaani vibodi.

Kuhusu sehemu zinazobonyezwa, neno kibonye latosha, na kitufe pia linaeleweka. Lisilofaa ni "funguo". Neno hilo limetoka moja kwa moja katika Kiingereza, ambamo jina moja hutumika kwa kifungua kufuli na kwa kibonye. Kwa msomaji wa Kiswahili ufunguo hufungua, haubonyezwi.

4. Kitenzi kimoja, kazi nyingi

Sasa tuingie katika kiini cha jambo. Tuchukue maelekezo ya namna ifuatayo, ambayo tumeyatunga kwa mfano, lakini ambayo kila mfasiri atayatambua kwa mwendo wake:

"Funga kompyuta. Ondoa funguo. Safisha kwa hewa iliyoshinikizwa. Safisha kwa kitambaa chenye unyevu na dawa isiyo kali. Ruhusu kibodi kikauke kabla ya matumizi."

Sarufi haina kosa kubwa. Hata hivyo, kila sentensi ina tundu ambalo msomaji aweza kutumbukia.

Tuanze na "safisha", lililotumika mara mbili kwa matendo mawili yasiyofanana. Kiswahili ni tajiri mno katika eneo hili. Mtu hufua nguo, huosha vyombo, husuuza kikombe, hunawa mikono, huoga, hufagia ua, hupiga deki sakafu, husugua sufuria, hupangusa kioo na hukung'uta mkeka. Mtoto wa miaka sita anajua kwamba mkeka haufuliwi na kwamba kioo hakikung'utwi. Kila kitenzi kimebeba ndani yake chombo kinachotumika, nguvu inayohitajika, na kama maji yamo au hayamo. Mfasiri anapoviacha vitenzi hivi vyote na kuandika "safisha", anamtaka msomaji akisie yale ambayo lugha yake ingemwambia waziwazi. Naye msomaji, kwa kuwa amezoea kwamba chombo cha nyumbani kilichochafuka huoshwa, aweza kukisia maji.

Kibodi huhitaji matendo matano, kila moja kwa uchafu wake:

Kung'uta: kwa makombo, mchanga na chembe zisizogandamana. Kibodi hupinduliwa, vibonye vikatazama chini, kikapigwapigwa taratibu kwa kiganja.

Kupiga brashi: kwa vumbi lililojibana kandokando ya vibonye. Mswaki mpya mkavu wenye nywele laini wafaa.

Kupuliza: kwa vumbi ambalo brashi haikulifikia.

Kupangusa: kwa jasho, mafuta ya vidole na vumbi jembamba lililo juu ya vibonye. Hapa ndipo kitambaa hutumika.

Kubandua: kwa kilichonata, kama vile soda au chai iliyokauka. Kitendo hiki hakihitaji nguvu; chahitaji kulainisha kwanza.

Huenda mtu akauliza kwa nini tumechagua kupangusa badala ya kufuta, ilhali watu wengi husema "futa vumbi". Sababu yetu ni kwamba katika lugha ya kompyuta futa limekwisha kupewa kazi nyingine, yaani kuondoa maandishi au faili. Kazi hiyo inalistahili. Mwalimu anapofuta ubao, kuondoa chaki na kuondoa maandishi ni tendo moja, na kutoka ubaoni hadi kwenye kioo cha kompyuta hatua si ndefu. Lakini maelekezo yanayosema "futa vibonye" au "futa vilivyomo" katika ukurasa ule ule unaozungumzia faili yanatia shaka. Katika mazungumzo ya kawaida watu waendelee kusema wapendavyo. Katika maandishi ya kiufundi, futa liachiwe maandishi, na pangusa lipewe kitambaa.

5. Vitenzi vinavyosema kama kitu kitarudi

Sentensi ya mfano inayosema "Ondoa funguo" ina kasoro zaidi ya ile ya nomino. Kitenzi ondoa hakisemi namna ya kuondoa, wala hakisemi kama kilichoondolewa kitarudishwa. Kiswahili kina jozi za vitenzi kwa jambo hili: chomeka na chomoa, bandika na bandua, funika na funua, pachika na pachua. Asikiaye mmoja wa jozi hujua kwamba mwenzake yupo. Aambiwaye "chomoa waya" huelewa kwamba waya utachomekwa tena, na kwa hiyo hauvuti kwa hasira.

Kitenzi ng'oa hakina mwenzi wa namna hiyo. Jino huling'olewa, kisiki hung'olewa, wala havirudi mahali pake. Mafundi na wanafunzi wengi husema "kung'oa vibonye", na aliyeambiwa hivyo hutia nguvu ya kung'oa. Matokeo yake ni vishikizo vilivyokatika. Chini ya kila kibonye cha kompyuta mpakato kwa kawaida pana vishikizo vyembamba vya plastiki, na kibonye kilichopoteza vishikizo hakikai tena. Pendekezo letu ni pachua na pachika. Kibonye kimepachikwa katika vishikizo vyake. Hupachuliwa kwa kuinuliwa polepole upande mmoja, kisha hupachikwa tena. Aidha, maelekezo ya nyumbani yaseme bayana kwamba tendo hili ni la kibodi cha mezani ambacho vibonye vyake vimetengenezwa ili vitoke, na kwamba vibonye vya kompyuta mpakato aachiwe fundi.

"Funga kompyuta" nalo lina utata. Kwa mtumiaji wa kompyuta mpakato, kufunga ni kuteremsha kifuniko. Mashine iliyofungwa hivyo aghalabu haikuzimika. Imelala tu, na umeme ungali ukipita ndani yake. Yapasa iandikwe "zima", kisha iandikwe tena "chomoa waya wa umeme", kwa sababu matendo haya mawili ni mbalimbali na yote mawili yanahitajika.

6. Upepo, unyevu na dawa

"Hewa iliyoshinikizwa" ni tafsiri sahihi katika kitabu cha fizikia. Katika nyumba ya Kihonda au Bigwa, haimwelekezi mtu kwenye chombo chochote alichonacho. Hewa inayotiwa katika gurudumu la baiskeli watu huiita upepo, na chombo chake huitwa pampu. "Puliza kwa upepo wa pampu" huelewa kila mtu, hata yule ambaye hajapata kuuona mkebe wa upepo unaouzwa kwa kazi hiyo. Itafaa iongezwe kwamba pampu ijaribiwe kwanza juu ya kitambaa, ionekane kama haitoi maji au mafuta, na kwamba mtu asipulize kwa mdomo, kwa kuwa pumzi ina unyevu na mara nyingine mate.

"Kitambaa chenye unyevu" ni mtego mwingine. Unyevu una viwango, na kivumishi hiki hakisemi kiwango gani. Mtu mmoja ataleta kitambaa kinachochuruzika, mwingine ataleta kilichokaribia kukauka. Kiswahili mara nyingi hueleza hali kwa kutaja tendo lililoileta, na hapa tendo lipo: kukamua. "Lowesha kitambaa, kisha kikamue mpaka kisitoe tone" ni maneno yanayopimika. Yeyote aliyepata kufua nguo anakijua kipimo hicho mikononi mwake.

Neno "dawa" ndilo la hatari kuliko yote. Katika lugha yetu dawa ni ya homa, ya mbu, ya viatu, ya meno na ya chooni. Anayeambiwa atumie "dawa isiyo kali" atachagua aliyonayo, na kipimo chake cha ukali ni harufu. Dawa ya kung'arisha nguo nyeupe huweza kuchubua rangi na kula plastiki. Dawa ya kuondolea rangi ya kucha huyeyusha plastiki za aina nyingi. Wengine hutumia petroli kwa sababu huondoa mafuta upesi. Mtu wa Morogoro hahitaji kufundishwa jinsi petroli inavyowaka. Tarehe 10 Agosti, 2019 lori la mafuta lilipinduka Msamvu, na moto wake ukaua watu zaidi ya 100. Kwa hiyo maelekezo yasiseme "dawa". Yataje kitu chenyewe: spiriti, na kwa usahihi zaidi alkoholi ya isopropili ya asilimia 70, kiasi kidogo, itiwe kwenye kitambaa na isimiminwe juu ya kibodi. Yaseme pia kwamba spiriti nayo huwaka, hivyo kazi ifanywe mbali na jiko, na madirisha yawe wazi.

Kuna mfano wa karibu unaoonyesha kwamba jamii huweza kukipa kitenzi kazi mahususi na kazi hiyo ikakaa. Mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, neno kitakasa mikono lilienea upesi. Kitenzi takasa, ambacho zamani kilisikika zaidi katika mambo ya ibada, kilipewa kazi ya kuua vijidudu, nacho kikatengana na osha na safisha. Hakuna aliyelalamika kwamba ni kigumu. Kitenzi bofya nacho kilikuwa cha sokoni, cha mtu anayejaribu kwa kidole kama embe limeiva; leo ndicho tunachokitumia kwa kipanya. Nalo jina kompyuta mpakato limetokana na pakata, tendo la mama kumweka mtoto mapajani. Istilahi hizi zimefaulu kwa sababu mizizi yake ni matendo ambayo watu tayari wanayafanya.

7. Maelekezo yaliyosahihishwa

Kwa kuzingatia hoja hizo, tunatoa mfano ufuatao ili wafasiri na walimu waupime:

(i) Zima kompyuta. Chomoa waya wa umeme.
(ii) Pindua kibodi, vibonye vitazame chini, ukikung'ute taratibu kwa kiganja.
(iii) Piga brashi laini na kavu katikati ya vibonye.
(iv) Puliza kwa upepo wa pampu, kutoka upande mmoja kwenda wa pili.
(v) Lowesha kitambaa laini kwa maji, kikamue mpaka kisitoe tone, kisha pangusa juu ya vibonye.
(vi) Penye unata, tia spiriti kidogo kwenye kitambaa, pangusa, ngoja unata ulainike, kisha pangusa tena. Fanya hivi mbali na moto.
(vii) Kiache kibodi kikauke kivulini. Usikianike juani wala usikiweke karibu na jiko la mkaa.
(viii) Kikimwagikiwa na chai au soda, usianze kupangusa. Chomoa waya na uzime mara moja, kipindue, na usiwashe mpaka fundi akitazame.

Maelekezo haya ni marefu kuliko yale ya kwanza, na wako watakaolalamika kwamba karatasi ya kiwandani haina nafasi. Twakubali kwamba nafasi ni haba. Hata hivyo, urefu huo umetokana na matendo yaliyokuwa yamefichwa ndani ya "safisha" na "ondoa". Matendo hayo yalikuwapo tangu mwanzo. Tofauti ni kwamba sasa yanatajwa na mwandishi, si kukisiwa na msomaji. Wafasiri watambue pia kwamba "ruhusu kikauke" limegeuka kuwa "kiache kikauke". Kibodi hakiombi ruhusa, na Kiswahili hakimpi.

8. Hitimisho na mapendekezo

Orodha nyingi za istilahi zilizotolewa hadi sasa zimejaa majina ya vitu. Vitenzi vilivyomo ni vichache, na mara nyingi vimeandikwa bila kuonyesha vinatumika na kitu gani. Orodha ya namna hiyo humfaa anayetaka kuvitaja vitu. Anayetaka kufanya kazi navyo haimfikishi mbali.

Tunapendekeza mambo matatu. La kwanza, kila istilahi ya chombo inapojadiliwa, vitenzi vyake vijadiliwe pamoja nayo: chombo huwashwa au hufunguliwa, huzimwa au hufungwa, hupanguswa au huoshwa. La pili, rasimu ya maelekezo isikubaliwe mpaka mtu asiyelijua andiko la asili ameifuata kwa mikono yake, mfasiri akimtazama bila kusema neno. Pale anaposita ndipo penye kosa. La tatu, walimu wa Kiswahili wawape wanafunzi zoezi la kuandika maelekezo ya kazi za nyumbani bila kutumia kitenzi safisha hata mara moja. Watagundua kwamba lugha waliyoikuta jikoni na uani inatosha kwa kazi hii, na maofisa wa istilahi watapata humo orodha ya vitenzi ambayo hawakuhitaji kuiunda.